Uliza Tukujibu: Habari kubwa si itanifikia tu?

Toleo lililopita tuliwauliza habari mnazipata wapi siku hizi, na barua zilizokuja karibu zote zinasema kitu kimoja, kwenye simu, mitandaoni, kwenye magrupu. Nimechagua chache zenye maswali ambayo yamenikalia kichwani, nyingine nimezifupisha maana nafasi ni ndogo. Ntajibu ninavyoona mimi, asiyekubali aniandikie tu.

Dada mhariri, habari za kazi. Mi ni mwanafunzi wa chuo, sina tivi chumbani na gazeti sijashika tangu nimalize sekondari. Nikienda nyumbani baba ananiambia mwanangu angalia taarifa ya habari, we msomi gani hujui dunia inaendaje. Namjibu baba, likitokea jambo kubwa litanifikia tu, nikifungua simu asubuhi nalikuta. Na kweli mara nyingi najua kabla yake. Sasa kosa langu liko wapi? (Mwanafunzi, mwaka wa pili)

Nzuri mdogo wangu. Kwanza nikupe haki yako, kwenye mbio za nani kajua mwanzo baba hakuwezi. Ile ndege ilipotua juu ya maji ya mto Hudson kule New York, Januari 2009, picha ya abiria wamesimama kwenye mabawa ilikuwa Twitter mapema kabisa, kaipiga mtu aliyekuwa kwenye kivuko kilichoenda kuwaokoa, kwa simu yake tu. Hakuna chumba cha habari kinachoweza kuwa na mtu kila mahali namna hiyo, na mi sitabishana na wewe kwenye hilo.

Ninapokusimamisha ni hapo kwenye "litanifikia tu". Hiyo imani watafiti wameichunguza. Mwaka 2017 Homero Gil de Zúñiga na wenzake walitoa utafiti waliofanya Marekani kuhusu watu wanaoamini hivyo hivyo, kwamba sina haja ya kuifuata habari, yenyewe itanikuta nilipo, na wakakuta kadiri muda unavyokwenda watu hao wanavitumia kidogo zaidi vyombo vya habari vya kawaida na mambo ya siasa wanayajua kidogo kuliko wenzao. Na wenyewe wanajiona wako sawa kabisa, hapo ndo pananiogopesha, maana mtu anayejua kwamba hajui atauliza, huyu hana sababu ya kuuliza.

Inakuwaje? Ni kwa sababu kinachokufikia hakikuchaguliwa kwa uzito wake. Twitter mwanzoni ilikuwa inapanga posti kwa saa tu, iliyoandikwa mwisho ndo iko juu, mwaka 2016 nayo ikaanza kukuchagulia kwa algorithimu, yaani hesabu za kompyuta zinazokisia utapenda nini, kama Facebook ilivyokuwa ikifanya kitambo. Na algorithimu haijiulizi hili jambo litamgusa vipi huyu kijana miaka mitano ijayo, inajiuliza atasimama hapa au atapita, atakomenti, atamtumia mwenzake? Kuanzia 2017 Facebook ilikuwa inazihesabu zile emoji, ya hasira ikiwemo, kwa uzito wa mara 5 ya laiki ya kawaida. Walikuja kuupunguza baadaye, ila watu wa nje tulijua 2021 nyaraka zao za ndani zilipovuja. Kwa hiyo kuna kipindi kizima ambapo kilichokuudhi kilikuwa kinapandishwa juu, na wewe ulikuwa unaona ndo hali halisi ya dunia.

Sasa tazama upande wa pili, vile ambavyo havikufikii. Chukua ripoti ya mkaguzi wa hesabu za serikali, makurasa kwa makurasa ya majedwali. Mwandishi anaikalia siku kadhaa, analinganisha jedwali la mwaka huu na la mwaka jana, mpaka anaipata aya moja huko katikati inayoonyesha kuna pesa ya dawa imelipwa na dawa hazikuonekana stoo. Anapiga simu wizarani, anaambiwa apige kesho, kesho anapiga tena. Hiyo habari haina klipu, haina sura ya mtu analia, haina staa, mtandaoni inapita kimya kimya kama haikuwepo, na inaweza kukugusa wewe na mama yako kuliko kila kilichotrendi wiki hiyo. Kesi inayoahirishwa kila mwezi ni hivyo hivyo, kamati ya bunge pia, mabadiliko ya sheria ndogo ndogo ndo usiseme.

Na hata kinachokufikia, kinafika kichwa tu bila mwili. Utafiti wa mwaka 2016 wa Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi ya Inria ya Ufaransa ulikuta asilimia 59 ya linki za habari zilizosambazwa Twitter hazikubofywa na mtu hata mmoja. Watu wanapeana vichwa vya habari, wanagombana kwa vichwa vya habari, habari yenyewe hakuna aliyeifungua.

Fanya hivi wiki moja. Kila jioni andika mambo makubwa uliyoyajua kwa simu siku hiyo, alafu chukua gazeti moja lenye heshima, la karatasi au tovuti yake, linganisha. Usihesabu yaliyofanana. Angalia yale ambayo hukuwa nayo kabisa, jiulize lipi kati ya hayo ungependa kulijua. Ukimaliza kaa na baba muongee, nadhani mtaelewana kuliko mnavyodhani.

Dada, pole na majukumu. Baba mkwe wangu amestaafu, ni mtu wa heshima sana kwenye ukoo, na tangu anunuliwe simu nzuri kila alfajiri anatujazia grupu. Picha za mafuriko, maonyo, sauti za madaktari. Juzi katuma sauti ya mtu anasema wenye presha waache vidonge wanywe majani fulani, na mama mkwe ana presha! Mume wangu anasema nimwache mzee, shangazi anasema lisemwalo lipo. Naogopa kuonekana nimemvunjia heshima. Nifanyeje? (Mama wa watoto wawili)

Mama, hili la presha usingoje. Leo leo ongea na mama mkwe, wewe au mumeo, mhakikishe vidonge anavyo na anameza, na mwenye kumbadilishia dawa ni daktari wake anayemjua. Mengine yote ninayoandika hapa chini yanaweza kusubiri, hilo hapana. Mwaka 2020 wakati wa korona, nchini Iran mamia ya watu walikufa kwa kunywa methanoli, baada ya uzushi kuzagaa kwamba pombe inakinga au inatibu. Ule ulikuwa ujumbe wa kawaida tu unaotoka kwa mtu kwenda kwa mtu, wengi wametumiwa na watu wanaowapenda.

Sasa la mzee. Usimsahihishe kwenye grupu, hata kama una uhakika wa asilimia mia, hata kama kesho katuma kingine. Mbele ya wakwe na wajukuu hatasikia ulichosema, atasikia tu kwamba mke wa mwanangu kaniita muongo, na hapo umempoteza. Mfuate pembeni, msalimie, mwambie baba ile sauti uliyotutumia nimeisikiliza, kuna mahali pamenitatiza, naomba tuisikilize wote. Alafu mwonyeshe kwenye simu yake mwenyewe. Juu ya ujumbe kama ule WhatsApp huwa inaweka mishale miwili, maana yake umeshapita mikononi mwa watu wengi, watano au zaidi, kabla ya kumfikia yeye, kwa hiyo aliyemtumia siye aliyeusema na wala hamjui aliyeusema. Muulize taratibu: baba, huyu daktari amesema anaitwa nani? Hospitali gani? Tarehe ngapi? Utakuta ni "daktari bingwa" asiye na jina, "juzi" isiyo na tarehe, na mwisho kabisa "watumie wote uwapendao". Hilo la mwisho ndo la kuangalia sana, maana mtu mwenye taarifa ya kweli ya kitabibu anakwambia uende kituo cha afya, hana shida ya wewe kufowadi.

Picha za mafuriko nazo muonyeshe jinsi ya kuitafuta picha ilikotoka, Google Lens inafanya hivyo bure, unaibonyeza picha inakuletea kwingine ilikowahi kutokea. Mpe mfano wa papa, yule samaki. Kuna picha ya papa anaogelea kwenye barabara iliyofurika maji, ilizagaa 2011 kwamba ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene, ikarudi 2017 wakati wa kimbunga Harvey ikawa ni Texas. Papa mwenyewe alikatwa kwenye picha nyingine kabisa iliyokuwa imechapishwa jaridani mwaka 2005, akiwa anamfuata mtu kwenye kayaki baharini. Wazee wanaupenda sana mfano huu, na anayeuelewa anaanza kukagua picha za wenzake.

Ila usimfundishe kukataa kila kitu, huko nako ni kupotea. Septemba 2022, kimbunga Ian kilipopiga Florida, ilitokea video ya samaki mkubwa mwenye pezi kama la papa anajirusharusha kwenye uwanja wa nyumba pale Fort Myers, watu wakacheka, wakasema ni yule yule wa siku zote. Shirika la habari la AP likamtafuta aliyerekodi, likaichukua klipu ya mwanzo na kuangalia taarifa zilizojiandika ndani yake, saa na mahali, ikawa ya kweli. Kwa hiyo shangazi mwambie kwa adabu, mengi yanayosemwa yapo na mengi hayapo, na huwezi kuyatofautisha kwa kusikiliza tu yanavyosemwa.

Mkimaliza mwachie mzee heshima yake. Mwambie baba, wewe grupu zima linakusikiliza, ukiwaambia wewe ile sauti tuiache watakuelewa kuliko mimi. Aseme mwenyewe. Nimeona familia nyingi ambapo mzee aliyekuwa anaongoza kwa kusambaza ndo kageuka mlinzi wa grupu.

Mhariri, nyie mnatetea ajira zenu tu. Magazeti yana wenyewe, matajiri na wanasiasa, mnaandika mnachoambiwa. Mtandaoni angalau naona mwenyewe kwa macho yangu, video haina bosi. Nipe sababu moja ya kuwaamini. (Msomaji wa siku nyingi)

Kaka, nimeisoma barua yako mara mbili na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Mei 25, 2020, George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi Minneapolis, taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mwanamume amefariki baada ya tatizo la kiafya wakati polisi wakishughulika naye. Goti la polisi shingoni mwake halikutajwa. Kama siyo Darnella Frazier, binti wa miaka 17 aliyesimama pale na simu yake akarekodi kisha akaiweka video Facebook, pengine ile taarifa ndo ingebaki kuwa historia, na waandishi wangapi wangeinakili ilivyo? Mwaka uliofuata bodi ya tuzo za Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani, ikamtunuku. Na vyombo vikubwa vimewahi kuangusha watu vibaya, habari za silaha za maangamizi za Iraq zilichapishwa na magazeti ya kuheshimika kabisa na vita ikapiganwa.

Ila ngoja nikuonyeshe kitu kwenye hiyo hiyo Iraq. Mei 26, 2004, New York Times lilichapisha maelezo ya wahariri kwa wasomaji wake likitaja habari zake lenyewe ambazo hazikuchunguzwa ipasavyo. Walichelewa, waliokufa walishakufa, na mi sisemi ile barua ilitosha. Nasema kulikuwa na mlango wa kugonga. Kuna jina la gazeti, kuna mhariri, kuna mtu unaweza kumshtaki, kuna ukurasa wa masahihisho. Ile akaunti iliyokutumia klipu ya jana, yenye picha ya simba na jina la ajabu, ikikudanganya unamgongea nani? Inafuta posti, inabadili jina, kesho inaendelea.

Na hata akitokea mtu muungwana akasahihisha, masahihisho hayapiti njia ile ile uongo uliyopita. Mwaka 2018 watafiti watatu wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha kwenye jarida la Science uchambuzi wa habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, kupitia watu wapatao milioni 3. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko ya kweli, na kweli ilichukua muda wa mara 6 hivi kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa akaunti za roboti kwenye hesabu, tofauti ikabaki pale pale. Ni sisi, vidole vyetu, kwa sababu uongo una jipya la kushangaza kila mara.

Alafu hilo la "naona mwenyewe". Video inakuonyesha sekunde 40, haikuonyeshi dakika kumi za kabla, wala haikwambii ni mji gani na mwaka gani. Hata ile ya Frazier, nguvu yake ilikamilika waandishi walipoiweka pembeni ya taarifa ya polisi, wakatafuta kamera nyingine za eneo lile, wakapanga dakika kwa dakika. Raia alirekodi, waandishi wakathibitisha, na kesi ikaenda mahakamani. Mi nataka vyote viwili, sitaki kuchagua, na sikuombi uniamini mimi kwa sababu naandika kwenye jarida. Angalia tu chombo kikikosea kinafanya nini siku inayofuata. Kisichowahi kusahihisha hata mara moja, kiache, kiwe cha karatasi au cha mtandaoni.

Akaunti ikiwa na tiki ya bluu si inatosha? (Mpenda habari)

Haitoshi tena. Zamani Twitter ilikuwa inatoa tiki baada ya kukagua kwamba huyu ndo mwenyewe, kuanzia Novemba 2022 ikawa inauzwa kwa mwezi. Ndani ya siku chache tu mtu akanunua, akajiita kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akatangaza insulini sasa ni bure, kampuni ikabidi itoke kuomba radhi kwa uzushi ambao haikuufanya. Mei 22, 2023 akaunti zenye tiki zikasambaza picha ya moshi karibu na Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, picha yenye kila dalili ya kutengenezwa na akili mnemba, soko la hisa likayumba kidogo kabla zimamoto wa eneo hilo hawajasema hakuna kitu. Na hata akaunti halisi inaweza kuibiwa, Aprili 2013 ya AP ilivamiwa ikaandikwa kwamba Ikulu ya Marekani imelipuliwa na Obama kaumia, hisa zikaporomoka na kurudi ndani ya dakika chache. Jambo zito ukiliona kwa mmoja tu, subiri. Kama ni kweli, baada ya muda mfupi litakuwa kwa wengine wasiotegemeana.

Mi nimefollow kurasa za magazeti na redio huko huko Facebook na Instagram, kwa hiyo napata vyote pamoja. Bado kuna shida? (Mfanyabiashara)

Uko pazuri kuliko wengi, ila unapita kwenye mlango wa mtu mwingine, na akiufunga umefungiwa nje. Kanada iliyaona hayo. Agosti 2023 Meta, wenye Facebook na Instagram, walianza kuondoa habari zote kwa watumiaji wa huko, za vyombo vya nchini na vya nje, kwa sababu ya sheria iliyotaka wavilipe vyombo vya habari, na mwezi huo huo moto wa misitu ukawahamisha maelfu ya watu, mji wa Yellowknife ukahamishwa karibu wote. Watu waliokuwa wanategemea ukurasa wa redio yao pale Facebook walikuta hakuna. Oktoba 4, 2021 nako Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa saa kama sita. Kwa hiyo weka anwani za tovuti mbili tatu moja kwa moja kwenye simu, na masafa ya redio yako yajue kwa kichwa.

Dada nafanya kazi za zamu, nikirudi nimechoka, nikishika simu saa mbili zinapita na nalala nimejaa hofu, nikiacha najiona mjinga. Nina kama robo saa tu kwa siku. Nianzie wapi? (Nesi)

Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Robo saa inatosha, shida ni kwamba mtandaoni hakuna mwisho, unavuta chini kinakuja kingine, wakati taarifa ya habari inaanza na inaisha, mtu anakwambia kwa leo ni hayo. Chagua taarifa moja kamili ya redio, nyingi siku hizi zinawekwa mtandaoni, isikilize unapojiandaa au ukiwa njiani. Siku ya mapumziko soma habari moja ndefu mpaka mwisho, moja tu. Notifikesheni za magrupu zizime, ya dharura utapigiwa.

Na ukikutana na dai linalokushtua usilikodolee macho kutafuta kasoro. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwahi kuwalinganisha maprofesa wa historia, wanafunzi wa chuo hicho na wakaguzi wa habari. Maprofesa na wanafunzi walikaa kwenye ukurasa wakiusoma kwa makini, na wengi wakadanganywa na nembo nzuri na lugha ya kisomi. Wakaguzi walitoka haraka, wakafungua ukurasa mwingine kuona wengine wanasemaje kuhusu hao walioandika, wakafika kwenye jibu kwa muda mfupi zaidi. We fanya hivyo, ukichoka liache mpaka kesho, usilitume kwa mtu.

Na hicho chombo utakachokichagua ukikikuta kimekosea jambo la kazi yako, mambo ya hospitali unayajua kuliko mwandishi, waandikie. Taja tarehe, kichwa cha habari na sentensi yenyewe. Alafu angalia kama watalisahihisha.